Kava la "Ponda Taratibu"

Kabula mwanangu,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini kesho alfajiri utakuwa na begi mkono huu na ndoo mkono ule, na mama yako anakufunga kanga shingoni kama mtoto wa chekechea, kwa hiyo shikamoo yako naipokea leo kabisa isije ikapotelea stendi.

Sasa hivi ni alasiri. Wewe na mama yako mko Geita mjini mnasuka nywele, na mimi nimelizima karasha, mashine yangu ya kusaga mawe ya dhahabu, jambo ambalo sikulifanya hata siku mgombea alipopita na spika zake kuomba kura. Wenye mawe yao wamekaa kwenye magunia wananishangaa. Mmoja kaniuliza, "Baba Kabula, mashine inaumwa?" Nikamwambia, "Mashine nzima, mwenyewe anaandika." Kacheka mpaka kofia imemdondoka. Watu wa Rwamgasa wameniona nikifanya mengi, lakini kushika kalamu zaidi ya kuandika namba ya gunia hawajaniona. Nimechukua kurasa za nyuma za daftari lako la jiografia la kidato cha tatu. Jiografia mimi sikuisoma, niliipanda kwenye lori. Shule niliishia darasa la sita, lakini nitajie mpaka wowote kati ya hapa na Lubumbashi nikwambie askari wake anapenda kusalimiwa vipi.

Habari za chandarua, michembe ya viazi ya kutafuna njiani na kutompa mtu usiyemjua simu yako aipige kidogo, mama yako ameshakwambia mara tatu, na ya nne atakwambia dirishani basi likianza kutembea. Mimi sina nyongeza huko. Nina jambo moja tu, nalo ni ile karatasi.

Ile ya ruhusa ya picha. Chuo unachokwenda kimesema kila anayeonekana kwenye kava la video asaini, na kava lisilo na saini halipokelewi, na video isiyo na kava lake haipokelewi pia. Mama yako alisaini hata bila kukaa, akarudi kugeuza ugali. Mimi nikakataa. Nikakataa Jumatatu, nikakataa jana mbele ya Doto binti wa shangazi yako, na asubuhi hii ulipoiweka chini ya kikombe changu cha chai, nikanywa chai nikaondoka. Ukipanda basi bila saini yangu, utafika chuoni na kazi isiyo na sura, halafu wenzako waingie darasa la kuongoza video, wewe uambiwe usubiri mwaka mwingine. Nalijua hilo. Nililijua kila nilipopiga funda la ile chai.

Basi ngoja nikueleze. Nitazunguka kidogo, uvumilie. Dereva mzoefu haogopi mzunguko, anaogopa shimo.

Unakumbuka siku ulipoleta lile daftari la viboksi? Ulikaa hapa hapa, mezani, na Doto pembeni, mmechora viboksi ishirini na kitu, kila kiboksi na watu wa vijiti ndani yake. Nikadhani mnachora katuni. Ukaniambia, "Baba, hii ndiyo video. Kila kiboksi ni picha moja. Tukishapanga hapa, kule tunaenda kupiga tu, hatuendi kubahatisha."

Nikavaa miwani nikaangalia kiboksi kwa kiboksi. Mikono inaponda mawe. Nyundo. Vumbi. Mama yako anaimba. Nyundo tena. Nikauliza, "Mbona gari silioni?"

"Hakuna gari, baba."

"Hakuna gari kabisa? Hata la kupita tu?"

"Hata la kupita."

"Kabula, video bila gari ni mkutano wa kijiji."

Doto alicheka akapaliwa na chai, na mimi nikadhani nimeshinda hoja. Wewe hukucheka. Ulinieleza polepole, kama mtu anayemwongoza kipofu kuvuka barabara, kwamba kava na video lazima vifanane kama watoto wa tumbo moja: rangi ile ile, vumbi lile lile, kitenge kile kile cha bluu cha mama yako, hata maandishi yatoke mahali pamoja. Mtu akiona kava dukani au kwenye simu, ajue wimbo unasikikaje kabla hajaubonyeza. Nilitingisha kichwa. Nilielewa kila neno. Halafu nikaondoka nikaenda kutafuta gari.

Mwanangu, mimi nilikuwa nimefurahi, hilo usilisahau. Furaha ilinipanda kichwani. Binti yangu anatengeneza video. Mimi niliyekuwa nalala juu ya magunia ya saruji, nina binti anayesema "tukate hapa, turudie." Nilitangaza kwenye mwalo wanakooshea dhahabu, nilitangaza kwa fundi baiskeli, nilimtangazia hata padri baada ya misa, akaniuliza kama ni ya kwaya. Nikamwambia ni zaidi ya kwaya, baba paroko, subiri.

Ndipo siku ya kwanza ya kupiga nikafika na Prado nyeusi ya yule bosi wangu mnunuzi wa dhahabu, vijana wanne wenye miwani myeusi, na mimi mwenyewe ndani ya ile suti yangu ya zambarau ya Lubumbashi. Honi juu. Kamera ile Doto aliiazima kwa mpiga picha wa harusi kule Masumbwe kwa siku tano tu, kwa sababu Jumamosi alikuwa na bibi harusi wake. Siku ya kwanza yote niliila mimi. Nilipanda juu ya boneti. Nilimwambia Doto anipige kutokea chini ili nionekane mrefu. Nikawapanga wale vijana. Nilisema "eksheni" mara nyingi kuliko mtu yeyote aliyewahi kulisema neno hilo mkoa wa Geita.

Na akina mama wanaoponda mawe, wale uliowachora kwenye viboksi vyako, wakaacha nyundo wakaja kuzunguka gari. Mama Neema, mmoja wao, akaingiza kichwa dirishani akasema, "Humu ndani kuna baridi kama Bukoba." Wote wakataka kuonja. Pale kibandani, penye mawe, akabaki mtu mmoja, mama yako, na kitenge chake cha bluu alichokipiga pasi tangu alfajiri. Akakaa kidogo. Akaangalia gari, akaniangalia mimi juu ya boneti, akainuka akajipangusa, akaenda nyumbani.

Ulimfuata. Nilikusikia nyuma ya jiko: "Mama, twende basi, ni dakika kumi tu."

Na yeye: "Nendeni na gari lenu. Litaimba."

Siku ya pili hakutoka. Kamera ikakaa kitandani imefunikwa taulo, siku mbili kati ya tano zimekwisha, na wewe hukunigombeza, hicho ndicho kilichoniuma. Ulisema tu, "Baba, watu wote walikuwa upande wa mama. Wewe umewahamisha."

Hukujua ulichokisema. Nililipeleka gari kwa mwenyewe, nikashuka, nikarudi kwa miguu, na njia nzima nilikuwa nasikia sauti ya Nkwabi. Sasa nitakwambia Nkwabi ni nani, na ukishamaliza kusoma utakuwa na haki ya kunicheka mpaka ufike Morogoro.

Ile habari ya ng'ombe dume niliyempata kwa kushinda ngoma nilipokuwa kijana, ambayo nimekusimulia tangu hujaota meno, ambayo uliiandikia insha darasa la tano ukapata alama nzuri: yule ng'ombe sikuwahi kumwona hata mkia.

Tulikuwa na kikundi chetu cha bugobogobo, ngoma ya majembe, kule kwetu, upande wa Kharumwa. Mimi nilikuwa mcheza majembe. Kulirusha jembe juu, ligeuke, ulidake bila kukosa mdundo, hilo nililiweza kweli, Mungu wangu shahidi. Nkwabi ndiye aliyekuwa mpiga ngoma wetu mkubwa na ndiye kiongozi. Tumechunga ndama pamoja, tumeibiwa ndama pamoja, tumechapwa pamoja. Sasa unajua mashindano ya kwetu yalivyo, hakuna jaji wala karatasi ya maksi. Baada ya mavuno vikundi viwili vinaingia uwanja mmoja, wakati mmoja, kila kimoja kinapiga chake, na watu wanakwenda wanakovutwa. Jua likielekea kuzama, penye watu wengi ndiko kwenye ushindi. Mtu anapiga kura kwa miguu yake.

Nkwabi alikuwa na mpango. Hakuwa na daftari la viboksi, lakini mpango ulikuwa kichwani mwake kama wako. Alisema tuanze chini, taratibu, majembe yakae begani, ngoma moja tu. Wenzetu waanze na makelele, watu wawaendee, waache wawaendee. Halafu sisi tupande kidogo kidogo mpaka watu wasikie kitu nyuma ya visogo vyao na wageuke wenyewe. Na mwanangu, ilikuwa inafanya kazi. Watu walikuwa wanageuka. Niliwaona, mmoja mmoja, wazee kwanza, wanasogea upande wetu.

Lakini mimi nilitaka wote, na niliwataka sasa hivi. Na nilikuwa nimejiandaa bila kumwambia mtu. Mjomba wangu alikuwa mtu wa ngoma za nyoka, na nilikuwa nimemwazima chatu. Mjomba alinipa sharti moja tu: "Mtoe polepole, watu wamwone kwa mbali kwanza." Mimi nikajipenyeza na kikapu mpaka katikati kabisa, palipojaa, nikang'oa kifuniko na kumtupa shingoni kwa mbwembwe, nikazunguka.

Watu walikimbia. Walikimbia kweli, wazee na mikongojo yao, wanawake na watoto mgongoni, mpiga filimbi wetu mwenyewe alikuwa wa kwanza. Na uwanja ulikuwa na pande mbili tu. Unakimbilia wapi ukimkimbia nyoka wa upande huu? Wote wakaenda kujaa upande wa pili. Wenzetu wakapiga vigelegele, walidhani tumewapelekea zawadi. Nikabaki katikati ya uwanja mtupu na chatu ambaye, kumbe, alikuwa ameshiba kuku, alinilalia shingoni kama gunia la pumba. Nyuma yangu ngoma moja tu ilikuwa bado inalia. Nkwabi hakukimbia. Alipiga mpaka mwisho, halafu akaweka fimbo chini, akaniambia, "Makoye, watu walikuwa upande wetu. Wewe umewahamisha."

Maneno yale yale. Wewe ulikuwa hujazaliwa, wala mama yako nilikuwa sijamjua.

Kikundi kilivunjika. Na mimi huwa nasema nilikuja Rwamgasa kutafuta dhahabu. Uongo. Nilikuja kujificha. Ndani ya duara, shimo la wachimbaji, hatua sitini chini ya ardhi, hakuna anayekuuliza habari ya chatu. Nkwabi nilikuja kuonana naye miaka mingi baadaye kwenye mnada wa ng'ombe. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hotuba ya msamaha, yenye maneno ya Kikongo ndani yake. Akaniwahi: "Mjomba wako alimpata tena nyoka wake?" Tukacheka mpaka wauza ng'ombe wakadhani tumelewa. Lakini hotuba sikuitoa. Hadi leo iko tumboni. Kwa hiyo ukiniona naandika leo badala ya kukungojea stendi nikupigie porojo, ujue nimejifunza kitu: mimi mdomo wangu ukifunguka, unaenda kuazima nyoka.

Sasa nirudi kwenye siku ya tatu.

Nilimkuta mama yako anachambua maharage. Nikachuchumaa. Nikamwambia, "Mama Kabula, gari limeondoka."

"Nimeona."

"Mtoto ana siku tatu tu na ile kamera."

"Najua kuhesabu."

"Utamwimbia?"

Akachambua, akachambua, akatupa kokoto moja nje. "Nitaimba wewe ukinyamaza."

Nikasema sawa. Akasema, "Si kunyamaza kwa kuondoka. Hapo ndipo ulipo hodari. Unyamaze ukiwepo."

Ndivyo nilivyopata kazi kwenye video yako. Mlipofika kibandani Doto akalalamika jua linatokea nyuma, uso wa mama unatoka mweusi. Wewe ukatazama huku na huku, ukaona lile bati jipya lililobaki tulipoezeka choo, ukaniambia, "Baba, piga magoti pale, ulishike hivi, mwanga umrudie mama usoni. Jua likisogea na wewe sogea. Na usiongee, sauti inaingia." Binti yangu aliniamuru mbele ya watu. Mama Neema akasema, "Leo simba amepewa kamba ya mbuzi." Nikafungua mdomo nimjibu, mama yako akanitazama, nikaufunga.

Bati lina makali. Nilizungushia matambara mkononi. Nilipiga magoti kwenye vumbi lile jeupe la mawe kuanzia saa tatu mpaka jua lilipofika utosini, nikihama nalo kama alizeti. Na akina mama wakaanza kuponda, ko, ko-ko, ko, kila mmoja na jiwe lake ndani ya mduara wa mpira wa tairi, wewe umesimama unawaonyesha kwa kidole nani aingie lini. Hakuna aliyebahatisha. Kila kiboksi cha daftari lako nilikiona kinatembea na kupumua. Nilitaka kupiga kelele, nilitaka kumwambia mtu yeyote, hata kuku, kwamba yule anayenyoosha kidole pale ni wa kwangu. Nikalishika bati.

Halafu mama yako akaimba.

Kabula, wimbo ule nimeusikia miaka yote tangu nirudi. Anaufulia nguo, anaupikia. Nilidhani ni wimbo wa kazi tu, wa mawe, kama kuna wimbo wa kulima na wimbo wa kutwanga. Sikuwahi kuusikiliza, kwa sababu kila alipouanza na mimi nilikuwa naongea. Siku ile, mdomo umefungwa, ndiyo mara ya kwanza nilisikia maneno:

Ponda taratibu, jiwe halina safari,
mwenye safari yuko mbali, barabara ni ndefu.
Ponda taratibu, mtoto amelala,
akiamka akiuliza, sema vumbi limemficha.

Nilipopanda lori kwenda kuwa utingo ulikuwa unatambaa. Nilimwambia mama yako miezi mitatu. Niliporudi ulikuwa una miaka mitano, ulijificha nyuma ya sketi yake ukauliza, "Huyu mjomba anataka nini?" Mimi nikacheka, nikatoa redio kubwa kwenye begi, nikaanza hadithi za Lubumbashi, na sijaziacha hadi leo. Nilikuwa na hadithi ya kila mto niliouvuka. Ya nani aliyewalisha ninyi sikuwa nayo, na sikuuliza. Jibu lilikuwa linaimbwa jikoni kila siku.

Ulinionea huruma ukadhani machozi yananitoka kwa sababu ya bati. Ukaniambia, "Baba, pumzika." Nikatikisa kichwa. Kama ningelishusha, uso wake ungezimika.

Siku ya nne mkafanya maandishi ya kava. Hii nayo nitaisimulia mpaka nife, na safari hii ni kweli. Mkatandika turubai jeusi uwanjani, mkaomba ndoo ya unga wa mawe kutoka kwenye karasha langu, ukaandika kwa kidole PONDA TARATIBU, herufi kubwa kama tofali, kwa unga ule ule uliokuwa kwenye mikono ya akina mama. Doto kapanda juu ya ngazi na kamera. Mara kuku wa Mama Neema, mweupe, akakatiza katikati ya herufi kwa mwendo wa diwani. Mimi nikaruka nimfukuze. Ukasema, "Muache, baba." Nikaganda mguu mmoja hewani. Kuku akapita, akaacha nyayo zake kuanzia P mpaka R, ukaangalia, ukacheka peke yako, ukasema, "Doto, piga hivyo hivyo." Na ndivyo ilivyobaki, na ni nzuri kuliko ingekuwa bila kuku. Mimi nilimleta chatu kwa makusudi nikaharibu. Wewe kuku kajileta mwenyewe ukamtumia. Sijui hiyo inaitwaje kwa lugha ya shule, ila hukuitoa kwangu.

Video yenyewe nimeiona mara kumi na moja. Usiniulize nani alinipa, Doto ana moyo mlaini. Ya kwanza niliangalia mama yako. Ya pili nikaangalia mikono. Kuanzia ya tatu nilikuwa nawaonyesha watu. Fundi baiskeli kaniuliza, "Wewe uko wapi humo?" Nikamwambia, "Unauona ule mwanga?" Kaniangalia kama mtu aliyekula sumu ya panya.

Halafu ndiyo ukaniletea picha ya kava. Nilikuwa nimekwisha kukupendekezea ile niliyopiga nimevaa suti, unakumbuka, mguu juu ya tairi. Ukageuza simu, nikajiona. Mama yako katikati, kitenge cha bluu, mdomo wazi kidogo, uso unawaka kama umewekewa taa ndani. Na pembeni chini, kwenye vumbi, mwanaume amepiga magoti, suruali nyeupe kwa unga wa mawe, matambara mikononi, anamtazama yeye. Mdomo umefungwa. Miaka hamsini na kitu na sijawahi kupigwa picha mdomo umefungwa.

Nilisema ninaonekana kibarua. Nilisema nikate, mtoe mtu yule, abaki mama. Ukasema ukinikata mwanga unakuwa hauna pa kutokea, kila mtu ataona kava linadanganya. Nikasema basi tafuta nyingine. Nilisema mengi, nilipandisha hata habari ya heshima ya mwanaume Msukuma, ambayo hata Msukuma mwenyewe hajui ni ipi.

Sababu ya kweli sikuisema, na ndiyo naiandika. Watu watausikiliza ule wimbo. Watasikia kuna mtu aliyefichwa na vumbi. Halafu watageuza macho kwenye kava, waone mtu ndani ya vumbi. Hata asiyekwenda shule atajumlisha. Nilizoea kusimulia habari zangu mwenyewe, na kuzipaka rangi. Hii imesimuliwa na mama yako, na wewe ukaipiga picha, na sikupewa brashi.

Jana, Doto alipotoka nje, uliniambia kitu kimoja kwa sauti ya chini, nikajifanya natafuta kiberiti. Ulisema, "Baba, kwenye wimbo haumo. Kwenye kava umo. Ndiyo maana nalitaka."

Kiberiti kilikuwa mkononi mwangu.

Leo mchana, kabla sijazima karasha, nilimpigia Nkwabi simu. Nikaitoa ile hotuba, yote, pamoja na ya chatu. Halafu akasema, "Makoye, mimi siku ile niliendelea kupiga kwa sababu ulikuwa bado umesimama uwanjani. Nilidhani utalichukua jembe." Nikamwambia nimechelewa kidogo, lakini nimelichukua, ila ni bati. Hakuelewa. Nimemwambia nitamtumia video.

Huko unakokwenda utakuta watu wamekuja na chatu wa kila namna, na magari ambayo hata bosi wangu hana, na utaona umati unakimbia upande wao. Sina la kukushauri. Nilitaka tu ujue kwamba mimi nimesimama pande zote mbili za uwanja, na siku iliyonipendeza kuliko zote maishani nilikuwa nimepiga magoti, nimekatazwa kuongea, na wewe umesimama.

Wateja wameanza kugongagonga mashine. Nasikia na bodaboda inakuja, huenda ni ninyi, kwa hiyo namalizia.

Karatasi iko ndani ya daftari hili, ukurasa wa ramani ya Afrika. Nimeisaini kwa jina langu lote, bila madoido, ingawa kalamu iliniomba. Pale palipoandikwa "Nafasi yake katika kazi hii" utaona nimekata neno. Hilo lililokatwa ni la Jumatatu, nilipoijaza kwa utani kabla ya kuiona picha; nilikuwa nimejiandika "Msanii Mkuu". Nimemuuliza Mama Neema kama chuo kitakubali karatasi yenye neno lililokatwa. Amesema watakubali, kuku alipita na ikawa sawa.

Chini yake nimeandika kwa herufi kubwa, wasije wakakosea kusoma: MSHIKA BATI.

Baba yako,
Makoye